Mashine ya boti imerukiwa na maji chumvi: tafuta ugonjwa kabla ya kununua boksi

Mashine ikigoma siku moja baada ya kupigwa na wimbi, hapa Lamu hukumu hutoka mapema: CDI, lile boksi linaloamuru cheche za plagi, imekufa. Huenda ni kweli. Lakini boksi la CDI limejazwa gundi ngumu ndani, na maji hayapati nafasi humo kirahisi. Vinavyoingiwa na maji ni vile vilivyolizunguka: soketi, vichwa vya waya, kofia za plagi, swichi ya kuzimia, na ule waya wa athi, yaani njia ya umeme ya kurudia, ulioshikwa kwenye bodi ya mashine kwa boliti moja yenye kutu. Vyote hivi ni vya bei ndogo. Boksi ni la maelfu ya shilingi, na duka la spea halikubali kurudishiwa kifaa cha umeme kikishafungwa kwenye mashine.

Kwa hiyo hapa chini boksi linakuja mwisho kila mara. Nitaanza na dalili anayoiona nahodha, kisha nishuke hadi kwenye chanzo. Nazungumzia zaidi mashine za mipigo miwili, hizi za Yamaha na ndugu zake zinazovusha abiria kati ya Mokowe na mji wa Lamu na kuwapeleka wavuvi wa Kizingitini na Faza nje ya mwamba. Za mipigo minne zenye kompyuta zina sehemu yao.

Vifaa si vingi: mita ya umeme ya kawaida, spana ya plagi, plaisi, mswaki wa zamani, spiriti, girisi ya silikoni ya kupaka soketi, tochi, na maji baridi ya kutosha.

Hayo maji baridi yanahitaji neno. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, na maji yakikauka chumvi haiendi popote. Inabaki ndani ya soketi. Chumvi ya kawaida huanza kuvuta unyevu wa hewa ukifika kama asilimia 75, na chumvi za magnesi zilizochanganyika nayo huanza mapema zaidi, kwenye asilimia 33 hivi. Usiku wa pwani hewa huwa na unyevu zaidi ya huo. Maana yake mashine uliyoianika juani mchana kutwa bila kuiosha italowa tena usiku, hata kama haikuguswa na tone. Kukausha peke yake si dawa. Kwanza chumvi itoke.

Na maji ya kuoshea yawe baridi kweli. Mji wa Lamu umejaliwa maji ya visima vya Shela, chini ya matuta ya mchanga. Ukiwa visiwani mbali zaidi, ambako visima vingi vina munyu na watu hutegemea jabia za mvua, yaonje kwa ulimi kabla ya kuyamwaga kwenye nyaya. Maji ya munyu huondoa chumvi nyingi na kuacha kidogo, na hiyo kidogo inatosha kuanzisha kutu.

Alfajiri haitaki, saa sita mchana inawaka

Boti imelala majini, alfajiri unavuta kamba mpaka bega linauma, mashine haijibu au inawaka na kupiga silinda moja. Jua likipanda inakubali. Kesho yake vilevile. Mwenye boti atabadilisha petroli, atabadilisha plagi, ataambiwa kabureta, na bado.

Mpangilio huu wa saa ndio unaomtaja mhalifu. CDI hupeleka volti mia kadhaa kwenye koili ya plagi, na koili inazipandisha hadi makumi ya maelfu. Umeme wenye nguvu hizo hutafuta njia rahisi kuliko zote. Ukiwekewa utando mwembamba wa maji chumvi juu ya kofia ya plagi, hauna haja tena ya kuruka uwazi wa plagi ndani ya silinda. Unatambaa nje ya kofia hadi kwenye chuma na kupotelea hapo. Jua likikausha utando, njia inakatika na cheche inarudi mahali pake.

Kuna jaribio la kulithibitisha hili, na linafanyika gizani. Subiri usiku, boti ikiwa imefungwa gatini, siku ambayo mashine inawaka. Vua kava, acha mvuke wa petroli utoke wote, washa na uiache ikiunguruma polepole. Chukua ile chupa ya kupulizia maji wakati wa kupiga nguo pasi, tia maji baridi, puliza ukungu kidogo kwenye waya wa plagi mmoja, kisha wa pili, kisha kwenye koili zenyewe. Penye ugonjwa utaona uzi wa buluu ukitambaa juu ya mpira, na mashine itakohoa papo hapo. Kikoi kifungwe vizuri na mikono ikae mbali: flaiwili, lile gurudumu zito la juu ya mashine, inazunguka wazi mbele yako, na hizo nyaya zikikupiga utajua. Petroli ikinuka, acha jaribio.

Ukishapata mahali, zima na uvue kofia ya plagi. Angalia ndani kwa tochi. Ukiona mstari mwembamba mweusi, kama uliochorwa kwa penseli, unaoteremka kwenye ukuta wa ndani, kofia hiyo itupe. Huo ni mkaa wa umeme uliokwisha jichongea njia, na hakuna spiriti inayoufuta. Kama hakuna mstari, osha kwa maji baridi, suuza kwa spiriti, acha ikauke kabisa. Tazama pia mwisho wa waya unaoingia kwenye kofia. Ukiwa wa kijani au mweusi, na waya una urefu wa kutosha, kata nusu sentimita ili shaba ing'ae. Futa kauri nyeupe ya plagi kwa kitambaa. Kisha paka girisi ya silikoni safu nyembamba kwenye mdomo wa mpira kabla ya kurudisha. Girisi hii haipitishi umeme. Kazi yake ni kuziba njia ya maji.

Dawa ya kupuliza ya kopo, ile inayofukuza maji, inafaa kwa kukufikisha nyumbani. Watu huigeuza matibabu ya kudumu, wanapuliza kila asubuhi. Utando wake huisha upesi, na huvutia vumbi na chumvi mpya.

Hakuna cheche kabisa

Hakikisha kwanza. Toa plagi, irudishe kwenye kofia yake, shika kwa plaisi yenye mpira na uigusishe chuma chake kwenye bodi ya mashine, mbali na tundu la silinda ambako mvuke wa petroli unatoka. Plagi nyingine zote ziguse bodi pia. Usivute mashine nyaya za plagi zikining'inia hewani, kwa sababu umeme usio na pa kwenda unaweza kuiumiza hiyo CDI unayotaka kuiokoa.

Hapa jiulize swali moja: silinda ngapi zimekosa cheche? Ikiwa moja tu, ugonjwa ni wa silinda hiyo: koili yake, kofia yake, plagi yake. Ikiwa zote zimekosa kwa mpigo, tafuta kitu zinachokitumia pamoja.

Kitu hicho, mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, ni njia ya kuzimia. Mashine hizi hazizimwi kwa kukatiwa umeme. Huzimwa kwa kuugusisha waya wa kuzimia na athi, na CDI ikishaona hivyo inanyamaza. Sasa fikiria swichi ya ufunguo iliyo kwenye kibao cha nahodha, mahali panapopigwa na rasharasha safari nzima, au ile swichi ya usalama yenye kikamba chekundu. Chumvi ikijaa ndani, inaunganisha zile pini mbili, na mashine inapokea amri ya kuzima kabla hujaiwasha.

Jaribu hivi. Kwenye Yamaha waya wa kuzimia ni mweupe na wa athi ni mweusi. Fuata mweupe hadi unapokutana na CDI, uchomoe, ufunike ncha yake, uvute mashine. Cheche ikirudi, boksi lako ni zima kabisa na pesa yako imebaki mfukoni. Ugonjwa uko kwenye swichi au kwenye waya mrefu unaokwenda kwenye kibao. Fanya hivi boti ikiwa imefungwa, maana kuanzia hapo ufunguo hauzimi na kikamba hakizimi. Utaizima kwa kufunga hewa ya choki au kuchomoa mpira wa petroli.

Kisha urudishe. Nasisitiza hili kwa sababu wapo wanaouacha mweupe umekatwa mwaka mzima, eti mashine isisumbue. Kwenye njia ya Mkanda, katikati ya mikoko, nahodha akidondoka majini na mashine haina cha kuizima, boti inazunguka na kumrudia na rafadha.

Swichi yenyewe ifungue utazame. Ukikuta uji wa kijani, osha kwa siki kidogo, suuza kwa maji baridi, kausha kwa spiriti, paka girisi. Itakuvusha wiki kadhaa hadi ununue nyingine. Swichi iliyooza haiponi. Na usiishie kwenye swichi. Chuna mpira wa waya kidogo utazame shaba: maji hupanda ndani ya waya kwa kufuata nyuzi zake, chini ya mpira, mbali na pale yalipoingilia. Shaba ikiwa nyeusi, kata nyuma mpaka ufike inapong'aa. Wakati mwingine unakata shubiri nzima. Waya wa nyumba unaouzwa kwa mita dukani haufai hapa. Wa boti una nyuzi nyingi nyembamba zilizopakwa bati, na ndiyo maana ni ghali.

Njia ya kuzimia ikiwa safi na bado hakuna cheche, nenda kwenye athi. Fungua boliti inayoshika nyaya nyeusi kwenye bodi, piga brashi mpaka chuma kionekane, funga, ndipo upake girisi juu. Mita ukiiweka kwenye omu, kipimo cha upinzani wa umeme, kati ya waya mweusi wa CDI na bodi, isome karibu na sifuri.

Baada ya hapo ndipo koili za chini ya flaiwili. Pima omu zake na ulinganishe na kitabu cha modeli hiyohiyo, si cha modeli ya jirani. Soketi yake mara nyingi hukaa chini, ambako maji yaliyoingia kwenye kava hutulia, kwa hiyo isafishe kabla ya kuiamini mita.

Na CDI? Mita ya kawaida haiwezi kuipima ikifanya kazi. Umeme wake hutoka kwa mapigo mafupi mno, na mita inayosoma taratibu itaonyesha namba ndogo isiyo na maana. Kunahitajika mita au kiambatisho kinachoshika kilele cha pigo. Anayeichoma mita ya soko kwenye CDI na kutangaza imekufa anabahatisha. Bora uazime nzima kwa mtu mwenye mashine ya modeli ileile, na hapa kwetu hukosi. Lakini isafishe njia yote kwanza. Kama kuna waya uliogusana na mwenzake, utarudisha mbili zilizokufa.

Vijana hunijia wakisema, "Ami, hii ni CDI tu, niuzie kuukuu." Nawaambia, "Mwanangu, leta mswaki kwanza."

Inazimika penye mawimbi, kisha inawaka tena

Kusi likishika, kutoka nje ya Shela kuna kurushwa. Mashine inakwenda vizuri ndani ya mlango, ikikutana na wimbi kubwa inakata. Unavuta, inawaka. Wimbi lingine, inakata.

Tenganisha petroli na umeme. Umeme hukata mara moja, mashine ikiwa na nguvu zake zote. Petroli huanza kwa kukohoa na kupungua kasi, halafu ndiyo inazima. Ukitilia shaka petroli, mimina ya chini ya filta kwenye chupa ya kioo uiache itulie: maji ni mazito kuliko petroli, yatakaa chini na utauona mpaka kati yao. Mawimbi hutikisa tangi na kuyainua maji yaliyolala, ndiyo maana dalili zinafanana.

Kama ni umeme, washa mashine gatini na utikise. Shika fungu moja la nyaya baada ya jingine, vuta kidogo kila soketi, gusa kikamba cha usalama na swichi yake, tikisa nyaya za betri. Mashine itastuka ukifika mahali. Ikistuka kwenye soketi, ichomoe uangalie pini. Mara nyingi utakuta pini moja ya kike imepanuka na ina doa la kijani. Mswaki na spiriti vinatosha. Msasa usitumie, unaondoa ule mng'aro wa juu na baada ya hapo pini inaoza upesi. Ibane kidogo kwa ncha ya sindano ishike, paka girisi, rudisha mpaka isikike imejifunga.

Penye kiungo cha waya kilichozungushiwa tepu nyeusi, toa tepu yote. Tepu haizibi maji, inayafuga. Gundi yake inalainika kwa joto la mashine, maji yanaingia kwenye mikunjo na hayatoki. Kiungo cha boti kibanwe kwa kichwa cha chuma na koleo lake, kisha kivalishwe neli ya plastiki yenye gundi ndani, ile inayosinyaa ikipashwa moto. Wengine humwagia silikoni ya dirisha. Inuse kwanza: ikiwa na harufu ya siki, asidi inayotoa wakati wa kukauka inakula shaba.

Nyaya za betri zisifungwe kwa nati za masikio zinazokazwa kwa vidole. Zinalegea kwa mtikiso. Weka nati za pembe sita na uzikaze kwa spana. Betri ikijitoa mashine ikiwa kasi, rektifaya, kifaa kinachotayarisha umeme wa mashine uchaji betri, ndiyo inayolipa.

Stata inatoa "tik" na kunyamaza

Pima betri ikiwa imepumzika. Volti 12.6 na kuendelea imejaa, 12.2 imefika nusu, chini ya 12 ichajiwe kwanza kabla ya kuilaumu mashine. Kisha mwenzako abonyeze stata nawe uangalie: ikianguka chini ya 9.6 hivi, betri ni dhaifu.

Betri ikishikilia vizuri na stata bado inatoa tik, ugonjwa uko njiani. Weka waya mmoja wa mita kwenye nguzo hasi ya betri yenyewe, mwingine kwenye chuma cha mashine, mwenzako abonyeze. Pasome karibu na sifuri. Ukipata zaidi ya nusu volti, waya wa athi au vichwa vyake vimeoza, hata kama kwa nje vinang'aa. Rudia upande wa chanya, kutoka nguzo ya betri hadi boliti ya stata. Jaribio hili ni la dakika chache na linaokoa stata nyingi zisifunguliwe bure.

Unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya betri uoshe kwa maji moto yenye magadi, suuza, kausha, paka girisi. Na betri isikae chini kwenye ngama. Iinue, ifungie kwenye boksi lenye matundu chini, ili maji yakiingia yatoke.

King'ora kinalia

Kwanza tazama nyuma: mashine inakojoa, yaani inatoa maji ya kuipoza? Isipokojoa, zima, hilo si la umeme. Ikiwa maji yanatoka vizuri, oili ipo na kichwa cha mashine hakijapata joto la kuunguza, shuku waya wa kihisio cha joto, wa waridi kwenye Yamaha. Kihisio hutoa habari kwa kugusa athi, na chumvi kwenye soketi yake hufanya vilevile. Chomoa, safisha. Usikate waya wa king'ora.

Betri haichajiki, au inachemka

Mashine ikiwa na mwendo wa kati, nguzo za betri zisome kati ya 13.5 na 14.5. Zikibaki 12 na kitu, anza na fyuzi na soketi ya rektifaya. Zikipita 15, rektifaya imeharibika, na hapa sina hadithi ya mswaki: nunua nyingine.

Mashine ya mipigo minne yenye kompyuta

Kompyuta hulalamika kuhusu kila kitu umeme ukiwa mdogo. Taa ya onyo inawaka, fundi anasoma hitilafu ya kihisio hiki na kile, vinanunuliwa, taa inabaki. Kabla ya kuamini orodha hiyo, fanya lile jaribio la stata hapo juu, pande zote mbili.

Soketi zake zina vizibo vya mpira wa rangi ndani. Hivyo ndivyo vinavyozuia maji, na hupasuka vikichokolewa kwa bisibisi. Bonyeza ulimi wa soketi, vuta kwa mwili wa plastiki, usivute waya. Kizibo kikianguka majini, soketi hiyo imekwisha kinga yake.

Kuna desturi mbaya zaidi: kutoboa mpira wa waya kwa ncha kali ya mita ili kupima. Umeme unasomeka, tundu linabaki, na baada ya miezi michache waya umekuwa mweusi kwa ndani hapohapo. Pimia nyuma ya soketi kwa pini nyembamba. Na zile pampu za kuoshea magari kwa nguvu zisielekezwe ndani ya kava. Zinapita kwenye vizibo ambavyo wimbi halingeweza kuvipita. Maji ya ndoo na kitambaa yanatosha.

Maji yanaingilia wapi

Tundu la hewa la kava liko nyuma, juu. Ukikata mafuta ghafla ukiwa kasi, wimbi lako mwenyewe linakufuata na kupanda juu ya tezi, hadi kwenye tundu hilo. Punguza taratibu. Wavushaji wanaokimbilia gati la Mokowe na kuachia kwa mpigo ndio wanaojaza kava zao.

Mpira unaozunguka mdomo wa kava hubonyea na kuwa mgumu kwa jua. Paka chaki ukingoni, funga, fungua: pasipo na chaki kwenye mpira ndipo maji yanapopita. Mpira wa pale nyaya na kebo zinapoingilia ndio husahaulika. Na kila fungu la nyaya lishuke kidogo chini ya kiwango cha soketi kabla ya kupanda kuingia, ili tone linalofuata waya lianguke pale chini badala ya kuongozwa hadi kwenye pini.

Wavuvi hubeba mashine ndogo nyumbani jioni wasiibiwe, wengine kwa punda. Iache wima mpaka maji yote yamwagike, ndipo uilaze kwa upande ulioonyeshwa kwenye mwili wake. Punda hajui upande huo, mwenye punda ajifunze. Usiku ifunike kwa turubai, si kwa nailoni inayofungia unyevu ndani.

Mashine imezama

Hapa mpangilio unageuka, kwa sababu saa inakimbia. Ikiwa majini inaoza polepole. Ikitolewa kwenye hewa inaoza mbio. Usiitoe ukaiacha juani ukitafuta fundi. Ikibidi kungoja, izamishe kwenye pipa la maji baridi.

Ondoa nyaya za betri kabla ya chochote. Usizungushe ufunguo eti uone, kwani umeme ukikutana na maji chumvi pini huliwa papo hapo. Osha yote kwa maji baridi mengi, soketi zikiwa zimefunguliwa. Toa plagi, geuza matundu ya silinda chini, zungusha flaiwili kwa mkono. Ikikwama usilazimishe. Na kama ilizama ikiwa inaenda, huenda maji yamepinda fito ndani, kwa hiyo sikiliza kwa makini kila mzunguko. Mwaga petroli ya kabureta na mipira. Ya mipigo minne, badilisha oili, washa kwa muda mfupi, badilisha tena.

Kisha umeme. Pitisha spiriti katika kila soketi, peperusha kwa hewa ya kawaida, ngoja mvuke wake uishe kabisa kabla ya cheche yoyote. Stata ifunguliwe, burashi zake na koili vikaushwe, maana maji yanayobaki humo hayatoki yenyewe. Tia oili kidogo kwenye silinda, rudisha plagi, washa siku hiyohiyo, na uiache iende saa nzima hivi ikauke kwa joto lake yenyewe.

Andika kwenye karatasi soketi zote ulizofungua. Baada ya wiki mbili zifungue tena, hasa zile za chini na ile iliyojificha nyuma ya koili. Utakapokuta kijani, rudia maji baridi, spiriti na girisi.